Maji Katika Karavani ya Baba

Kambi ya Harju, Ziwa Pikku, Michigan
6 Oktoba 1996

Mdogo wangu Sylvia,

Unasema unapiga simu nyumbani na haiiti. Haitaita tena. Nyumba imeungua.

Ilikuwa Jumamosi moja mwezi uliopita. Niliwasha sauna kule chini, chumba chetu cha kuogea mvuke, kama nilivyowasha kila Jumamosi tangu niolewe, nikapanda juu kukanda mkate wa nisu, na nilipokuwa natwanga iliki nikasikia harufu ambayo si ya iliki. Bomba la moshi la tanuri lile Reino alikuwa akilisafisha kila mwaka kabla ya msimu wa kuwinda. Tangu afe, nani alisafishe? Nilitoka na koti lake, viatu vya mpira, na mchi bado mkononi. Zimamoto walipofika walimwagia maji majivu, wakanipa blanketi, wakaondoka. Bima usiniulize. Na usilie, mimi nimeshalia kwa niaba yetu sote.

Nalala kwenye karavani. Ile ile nyumba ya magurudumu ya marehemu Reino uliyokuwa ukiiita kopo la samaki. Iko hapa kambini kwa mzee Harju, pale pale tulipoiacha. Wageni wote wameshakimbia baridi, tumebaki mimi na bata, na bata nao wanafungasha. Harju hana neno, ameniachia umeme, ila maji ya kambi anayafunga mwezi huu huu kabla mabomba yake hayajaganda yakapasuka. Nitakuwa nachota kisimani kwake kwa ndoo na kumimina kwenye tangi.

Najua utasema njoo Arizona. Siji, na sikiliza ni kwa nini. Curtis anapelekwa mbele ya bodi ya parole Januari. Miaka mitano amekaa ndani kwa ajili ya yule bwana ambaye Curtis alimgonga kwa gari akiendesha amelewa, na sasa huenda wakamtoa kabla ya muda. Lakini hawamtoi mtu akalale barabarani. Lazima awe na pa kwenda, kwa ndugu yake, katika jimbo hili, na afisa anakuja kupakagua kwa macho yake. Nimempigia simu huyo afisa, anaitwa Bi. Pelkey, nikamwambia nilipo. Akasema karavani inakubalika kama kuna mtu anaishi humo mwaka mzima, kuna kitanda, kuna joto, na kuna maji yanayotoka bombani. Akarudia: "Bombani, Bi. Ruona. Si ya ndoo." Kwa hiyo nikija huko kwako kuota jua, mwanangu anabaki ndani.

Na Curtis hajui kama nyumba imeungua. Asijue. Unakumbuka walipomnyima ruhusa ya kuja kumzika baba yake, aliacha kula mpaka wakamlaza. Akijua mama yake analala kwenye bati, atawaandikia bodi mwenyewe awaambie hataki kwenda kokote. Namjua huyo, nimemzaa mimi. Ukimwandikia, mwandikie habari za mbwa wako.

Dada yako,
Aune


Gerezani, 14 Oktoba 1996

Mama,

Nimepata tarehe! Kumi na nne Januari. Afisa atakuja nyumbani kabla ya hapo. Mwonyeshe chumba changu, mwonyeshe na sauna. Mtu akiona sauna imesuguliwa vizuri anajua hii ni nyumba ya watu. Ile pembe ya kulungu ya Baba iliyopinda iondoe ukutani, itamtia hofu.

Sawa, nitakuandikia kwa sanduku la posta. Hao waliovunja sanduku letu la barua nawajua hata bila kuambiwa, ni wale watoto wa Saari.

Sasa tuje kwenye karavani. Oktoba inakwenda, na najua hujaigusa, maana siku zote ilikuwa kazi yetu mimi na Baba, na wewe ulikuwa unatuletea kahawa kambini na kurudi zako nyumbani. Mama, maji yakibaki humo hata kidogo yataganda, yatavimba, na mabomba yote chini ya sakafu yatapasuka. Hutaona kitu mpaka barafu iyeyuke, halafu sakafu nzima itaoza. Baba hakuwahi kuivusha karavani baridi moja bila kuifunga, kutoa maji yote na kutia dawa isiyoganda. Ndiyo kitu pekee cha Baba nitakachokuja kukishika kwa mikono yangu. Naomba niikute nzima.

Fanya hivi. Zima hita ya maji, iache ipoe siku nzima, kisha nenda nje ufungue kizibo chake, na usisimame mbele yake, simama kando, isije ikakurukia tumboni kama ilivyomrukia Baba ile mara. Chini ya tumbo la karavani kuna vifuniko viwili, vifungue. Halafu ndani fungua bomba zote, jikoni, bafuni, la moto na la baridi, maji yatoke mpaka yaseme basi. Kuna bomba la kuogea nje, ndani ya kijimlango kidogo nyuma. Hilo kila mtu hulisahau. Ukilisahau wewe nitajua.

Kisha chini ya kitanda kuna koki za kuizunguka hita, zigeuze, la sivyo hita itakunywa dawa yote. Chomeka mpira wa pampu kwenye dumu la dawa, washa pampu, ufungue bomba moja moja, ukianza na la karibu na pampu, mpaka dawa itoke. Vuta choo. Mimina kikombe kimoja kimoja kwenye kila tundu la sinki. Madumu mawili ya dawa yako chini nyumbani, nyuma ya tanuri la sauna. Usitie ile ya kijani ya gari, ile ni sumu.

Kuhusu kuja kuniona, jibu ni lile lile. Sitaki unione na nguo hizi, na mlinzi ananiamrisha nikae, nisimame. Ndiyo maana nimelitoa jina lako kwenye orodha ya wageni. Usichoke kuniandikia tu.

Mwanao,
Curtis


Sanduku la Posta 31
22 Oktoba 1996

Mwanangu Curtis,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Januari ni karibu. Nyumba ni ile ile, usiwe na wasiwasi nayo. Chumba chako nimekifagia. Pembe nimeiondoa ukutani.

Karavani nimeifunga kama ulivyosema. Madumu niliyakuta pale pale nyuma ya tanuri. Hita haikunirukia, nilisimama kando. Baba yako angecheka kuniona nimelala chali kwenye matope natafuta vifuniko, umri huu.

Kuna jambo nataka kukuuliza, maana wewe ndiye fundi. Kuna mama mmoja tunasali naye, anaitwa Verna. Maskini amepatwa na matatizo, anaishi kwenye karavani, na anataka aendelee kuwa na maji ya bomba baridi nzima. Anasema ana sababu zake. Je, inawezekana? Afanye nini? Nilimwambia nitakuuliza.

Kula. Hata kama ni kibaya, kula.

Mama yako


Gerezani, 30 Oktoba 1996

Mama,

Huyo Verna ana akili timamu? Karavani si nyumba! Kuta zake ukizipiga ngumi mkono unatokea upande wa pili. Mwambie aifunge, ahamie kwa watu. Hana watoto? Ni mtoto gani huyo anayemwacha mama yake alale kwenye karavani na baridi ya huku kwetu? Ningekuwa nje ningemtafuta nimtie adabu.

Lakini kama ni mbishi, na wakongwe wa kanisa lenu nawajua, basi azungushe marobota ya majani makavu pande zote chini ya karavani, pasibaki hata upenyo. Theluji ikianguka asiizoe, aisukumie juu ya majani, theluji nayo ni blanketi. Atundike balbu ya umeme karibu na pampu, iwake usiku na mchana. Milango ya makabati ya sinki aiache wazi ili joto lifike kwenye mabomba. Na bomba moja aliache linadondosha tone tone, maji yanayotembea hayagandi upesi. Hita ya gesi ya kupashia ndani asiizime hata akitoka. Siku hita ikizima kwa saa chache, kwisha habari. Na dirisha moja alifungue kidogo, Mama, mwambie hilo mara mbili. Sumu ya moshi wa gesi haina harufu. Mtu analala tu.

Sasa wewe. Barua yako imekuwa fupi mno. Nijibu jambo dogo. Ulipofungua bomba la mwisho, lile la nje, ilitoka rangi gani?

Curtis


Sanduku la Posta 31
9 Novemba 1996

Mwanangu,

Verna anakushukuru sana. Amefanya yote, na dirisha analifungua. Usimseme vibaya mtoto wake, ni mtoto mzuri, ila yuko mbali na hajui hali ya mama yake. Mama mwenyewe ndiye hataki ajue.

Unaniuliza rangi! Ilitoka rangi ya kawaida, safi kabisa, ungeweza kuinywa. Kazi imekwisha, sahau karavani, fikiria utakachowaambia bodi. Vaa shati la mikono mirefu, ile picha uliyochorwa mkononi isionekane.

Theluji imeanza. Hapa nyumbani kuna joto. Nimeoka nisu, iliki imezidi kidogo.

Mama yako anayekupenda


Gerezani, 17 Novemba 1996

Lyle, rafiki yangu wa zamani,

Usishtuke kupata barua yangu. Najua umehamia Green Bay, una mke, una kitambi. Nina shida moja na sina mwingine wa kumwambia.

Mama ananidanganya. Nilimwambia aifunge karavani ya mzee, akasema ameifunga. Nikamuuliza ilitoka rangi gani, akasema safi, ya kunywa. Wewe unajua na mimi najua: dawa ile ni pinki! Pinki ya peremende! Hakuna mtu aliyewahi kufunga karavani akaisahau rangi ile. Hajaigusa. Hataki kusema hawezi, anaona haya. Amebaki peke yake, analala chali kwenye matope kwa ajili yangu, au hata halali, anaandika tu kwamba amelala. Inaniuma, Lyle. Mzee alikufa sipo, na sasa hata bomba siwezi kumfungia mama yangu.

Ukija kuwinda, au hata baadaye, pita kwa Harju uifunge. Ufunguo uko juu ya gurudumu la nyuma, upande wa ziwa, kama zamani. Nyumbani usipite, na usimwambie. Akijua nimegundua ataaibika. Nenda asubuhi tu, ufanye, uondoke.

Sitasahau.
Curtis


Kambi ya Harju
1 Desemba 1996

Sylvia,

Asante kwa soksi. Nimezivaa zote kwa pamoja.

Unataka kujua ninavyoishi. Majani makavu nimezungusha, Harju alinisaidia kuyasukuma, na theluji nimeilundika mpaka madirishani. Balbu inawaka kwenye pampu. Milango ya makabati iko wazi, kwa hiyo nakula nikitazamana na mabomba. Bomba la jikoni linadondosha usiku kucha na mimi nalisikiliza. Likinyamaza naamka. Juzi lilinyamaza, nikalala kifudifudi sakafuni na kikaushia nywele, napuliza bomba na kulisema kwa Kifini kama baba yetu alivyokuwa akiwasema ng'ombe. Likatoa tone. Nililia kwa tone moja la maji, Sylvia, mwanamke mzima.

Haya yote alinifundisha Curtis. Anadhani anamfundisha mtu anayeitwa Verna. Aliniandikia kwamba mtoto wa huyo Verna akimpata atamtia adabu. Niliikunja barua nikakaa juu yake.

Bi. Pelkey anakuja tarehe kumi, adhuhuri. Nimesugua kila kitu. Kitanda cha Curtis, ile meza inayogeuka kitanda, nimekitandika. Kila asubuhi nafungua bomba mbele ya mgeni ambaye hayupo na kusema, "Haya ndiyo maji yetu." Najisikia mwendawazimu. Asubuhi hiyo hiyo nitakwenda mjini na Harju kufua shuka ili harufu ya gesi isiwemo, na kuoga kwa mpwa wake, ili nisinuke moshi. Kisha narudi, namngoja.

Nimechoka. Nakuambia wewe kwa kuwa huwezi kunifanya lolote ukiwa huko. Nimechoka mpaka mwisho, na baridi bado haijaanza hasa. Lakini maji yanatoka. Yakitoka siku hiyo moja tu, baadaye yagande mpaka kiama, sijali.

Aune


Green Bay, 11 Desemba 1996

Oya Curtis,

Kitambi umeambiwa na nani? Haya, kazi imefanyika, kaka. Msimu wa kuwinda sikuja, mke aliumwa, lakini jana nilikuwa na safari ya huko nikapita kwa Harju asubuhi. Hakukuwa na mtu, hata gari la Harju halikuwepo.

Na ulikuwa sahihi kabisa. Maji tele! Tangi limejaa, hita ya maji ina moto, bomba la jikoni linavuja tone tone. Na utacheka: alikuwa ameacha hita ya gesi inawaka ndani mtu hayupo, na balbu kwenye pampu, na majani chini yote. Mama yako hakujua kuifunga, basi amekuwa akiipasha moto isigande! Gesi ingeisha siku moja tu, kila bomba lingepasuka. Nimemwonea huruma. Kitanda kimetandikwa vizuri, hata meza imetandikwa, na Biblia ipo na miwani. Nadhani huwa anakuja kukaa humo akiwakumbuka wewe na mzee. Sikugusa vitu vyake.

Nilitoa maji yote, hata bomba la nje sikulisahau. Nilikuja na madumu yangu. Kila bomba limetoa pinki safi. Choo pinki, masinki pinki. Nikazima hita ya gesi, nikafunga mtungi, nikazima balbu, nikafunga makabati, nikarudisha ufunguo. Saa nne na nusu nimemaliza, vidole sivisikii. Mzee Reino angenipa bia.

Ukitoka uje Green Bay, kazi ipo.
Lyle


Gerezani, 18 Desemba 1996

Mama,

Usikasirike, nina siri ya Krismasi. Nilijua hukuifunga karavani. Dawa ina rangi yake, Mama, na si ile uliyoniambia! Nilimtuma Lyle Beaudry, alikwenda tarehe kumi asubuhi akaifunga yote. Kwa hiyo usiende tena kuipasha moto kwa gesi, bibi wewe, na kutembea kwenye barafu na umri huo. Ameniambia kuna Biblia yako na miwani. Nimeelewa. Sikucheki.

Unajua, tangu niingie humu sijawahi kukufanyia kitu hata kimoja. Wewe ndiye unayefanya. Juzi niliposoma barua ya Lyle nililala usiku mzima bila kuamka, mara ya kwanza. Nilihisi nimekuwa mtoto wa mtu tena.

Kwa hiyo nimefanya jingine. Nimelirudisha jina lako kwenye orodha. Njoo Krismasi, Mama. Njoo na nisu, wataikata vipande kutafuta kisu, lakini watatupa tuile.

Curtis


Gerezani, 17 Januari 1997

Mama,

Hukuja Krismasi. Hukuandika.

Tarehe kumi na nne nilikaa mbele yao. Mwenyekiti akasoma karatasi ya afisa. Akasema nyumba yetu iliteketea Septemba. Nikasema hapana bwana, umechukua faili la mtu mwingine, mama yangu ameoka nisu humo Novemba. Wakatazamana. Akaendelea kusoma. Akasema mahali pa kwenda palipotolewa ni karavani, imekaguliwa tarehe kumi Desemba, ilikutwa imefungwa kwa ajili ya baridi, haina joto, haina maji, haikaliwi na mtu. Maombi yamekataliwa. Nijaribu tena mwakani.

Tarehe kumi, Mama.

Hakuna Verna. Eti hakuna Verna?

Unalala wapi? Niandikie unalala wapi. Kwa jina la Mungu niandikie.

Curtis


Kambi ya Harju, Ziwa Pikku
24 Januari 1997

Mwanangu,

Hakuna Verna. Nalala kwenye karavani ya baba yako, na nimelala humo tangu Septemba. Nyumba iliungua kwa sauna. Sikukuambia kwa sababu ungekataa kutoka, na usibishe, ungekataa.

Nitakuambia ilivyokuwa, mara moja tu, na usiniulize tena. Nilirudi kutoka mjini na shuka safi, na gari la Bi. Pelkey lilikuwa nyuma yetu, tumeingia kambini pamoja. Niliona nyayo za viatu vikubwa kwenye theluji, nikadhani ni mtu wa umeme. Nilifungua mlango nikakutana na baridi. Nikasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Karibu, hita ina tabia ya kuzima, nitaiwasha sasa hivi." Nikawasha pampu, nikafungua bomba la jikoni, nikasema yale maneno yangu: "Haya ndiyo maji yetu." Lilikohoa. Likatema kidogo kwenye sinki, kisha likawa linapumua upepo tu.

Bi. Pelkey alichovya kidole, akanusa. Yeye ni mtu wa huku huku, mumewe ana karavani. Akasema, "Bi. Ruona, hii imefungwa. Hapa haishi mtu." Nikamwambia naishi! Nikamwonyesha sufuria, nikamwonyesha meno yangu ya bandia kwenye kikombe. Akatazama kitanda chako nilivyokitandika, na macho yake yakajaa huruma, na hapo ndipo nilipojua imekwisha. Alidhani nimepamba ili kumdanganya. Alidhani nina mahali pengine na ninaona haya kupataja. Nilimpigia simu baadaye, nikapiga tena. Akasema ripoti imeshakwenda, na yeye huandika alichokiona. Simlaumu. Hata mimi ningeandika hivyo.

Sikujua ni nani aliyefanya. Nilimshuku Harju, Mungu anisamehe, sikusema naye siku kadhaa. Kisha ikaja barua yako ya Krismasi. Nilikuwa nimeshavaa koti nije, Curtis, nisu nimeifunga kwenye kitambaa. Harju alikuwa amewasha gari. Nikaisoma tena nikiwa nimesimama mlangoni, pale uliposema umelala usiku mzima. Nikavua koti. Ningekaaje mbele yako nikutazame unavyofurahi? Na kuandika uongo mwingine nilishindwa. Nilikuwa nao mwingi, ukaisha.

Lyle usimgombeze. Wala wewe usijilaumu. Mwanamke mwenye akili angekuambia ukweli Oktoba, na wewe ungenifundisha kuwasha, si kufunga.

Niko hai. Hita inawaka, dirisha liko wazi kidogo. Maji sina, nayeyusha theluji kwenye sufuria, inatosha kwa kahawa. Sijathubutu kujaza tangi tena, na kwa nini nilijaze? Sasa kunyamaza kwa bomba hakuniamshi. Nalala muda mrefu sana, na kuamka ndiyo kazi. Sina neno zuri la kukupa leo, nimelitafuta sijaliona. Mwaka mmoja mwingine. Sijui kama ninao.

Jina langu liache kwenye orodha. Barabara ikisafishwa nitakuja, bila nisu.

Jambo moja nilikuwa sijakujibu sawasawa. Uliniuliza ilitoka rangi gani. Pinki, mwanangu. Ilitoka pinki.

Mama yako,
Aune